Cheti cha Chaza

Tulipotoka kumzika mzee aliyenifundisha kazi, kijana mkaguzi alinipa lifti hadi Kileleshwa. Njiani akasema cheti cha afya kinachokuja na mzigo ni utaratibu tu. Maneno hayo yameninyima usingizi.

Nilizaliwa Lamu, nikasoma Mombasa, nikaajiriwa serikalini, nikaletwa Nairobi kukagua vyakula vya baharini vinavyoingia kwa ndege. Nyumba za serikali tulizopewa hapa Kileleshwa nyingi zimeshavunjwa, maghorofa yamechukua mahali pake.

Mzee alikuwa na mikono stadi. Kamba wabichi aliwatazama kichwani kama weusi umeanza, akanusa, akahukumu. Waliogandishwa alitoboa bonge, akachomeka kipimajoto hadi kiini. Pasipofika nyuzi 18 chini ya sifuri, mzigo ulisimama. Chaza hai aliwagonga: aliyeachama asifunge ganda, huyo maiti. “Karatasi hainuki, mwanangu,” alikuwa akiniambia.

Hapo ndipo tulipobishana, na hadi leo sijakubali. Chaza na kome huchuja maji wanamoishi. Mwani wenye sumu ukistawi, sumu hujikusanya mwilini mwao, nao wako hai, ganda linafunga, harufu ni ya bahari safi. Kupika hakuitoi, kugandisha hakuitoi. Kwa saksitoksini, ile ya kupoozesha, kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni mikrogramu 800 kwa kilo ya nyama. Pua gani itapima hiyo? Anayeweza kuyasemea maji ni mamlaka ya nchi walikovunwa, na neno lake ndilo cheti.

Wakenya tuliyajua haya kwa uchungu. Umoja wa Ulaya ulipowafungia soko samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999, shaka ilikuwa juu ya sumu majini na juu ya uwezo wetu wa kuthibitisha kuwa samaki ni salama. Kanuni zetu za ubora wa samaki zikatoka mwaka 2000.

Siku moja uliletwa mzigo wa chaza, nambari ya kundi kwenye cheti haifanani na ya lebo. Mzee akagonga, akasema wazima. Nikakataa kutia sahihi. Mkubwa mmoja akapiga simu, mzigo ukatoka, nami nikahamishwa meza. Nilikuwa sahihi, na mkubwa huyo alijua.

Vijana, kagueni katoni kama mzee alivyokagua. Lakini kwa chaza anzeni na cheti halisi: eneo la maji, tarehe ya kuvunwa, nambari ya kundi. Kimoja kikikosekana, mzigo usitoke, hata hoteli ikilia kwamba harusi ni jioni.