Woga wa Kusema Mbele ya Wenzake

Sisi tunaofundisha Manyamanyama, wilayani Bunda, twamjua vema mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ajuaye jibu lakini asiyethubutu kulitamka. Nyumbani husema Kijita au Kiikizu. Shule ya msingi alizoea Kiswahili. Sasa aulizwa kwa Kiingereza, na wenzake wa tayari kumcheka. Kumkemea hakumsaidii. Kumwacha kimya nako huukuza woga, maana kila akwepapo hukosa nafasi ya kuona kwamba hofu hupungua.

Mwaka 2006 Gerhard Andersson na wenzake, huko Uswidi, walichapisha matokeo ya kuwatibu watu 64 wenye woga uliozidi kiasi. Wagonjwa walijisomea masomo kwenye intaneti kwa majuma 9, wakiandikiana na mshauri, wakapata nafuu. Hata hivyo masomo hayo yaliongezewa vikao 2 vya mazoezi ya ana kwa ana.

Hapo ndipo penye funzo kwetu: maelezo yaweza kusomwa faraghani, lakini ujasiri huzoewa mbele ya watu. Basi tuweke ngazi: mwanafunzi amsomee jirani yake, kisha kikundi cha wanne, hatimaye darasa zima. Nasi, kabla ya yote, tukomeshe kicheko.