Butembo na Beni: Mkono unaovimba baada ya kansere ya titi si uchawi

Hapa Butembo na Beni, mama akikatwa titi kwa ajili ya kansere, ile ambayo redioni wanaiita saratani, na jeraha likapona, majirani wanakuja kumshukuru Mungu pamoja naye na mambo yanahesabiwa kuwa yamekwisha. Wachache wanajua kwamba miezi baadaye, na wakati mwingine miaka baadaye, mkono wa upande ule uliopasuliwa unaweza kuanza kuwa mzito. Pete inabana. Mkono wa blauzi ya kitenge haupiti. Ukibonyeza ngozi kwa kidole, kishimo kinabaki.

Mama mmoja wa miaka 40 na kitu ameyapitia hayo. Alikimbia kijiji chake katika teritware ya Beni kwa sababu ya mauaji ya ADF, na sasa anaishi kwa jamaa za mume wake katika komini ya Bulengera, mjini Butembo. Alipopasuliwa, aliondolewa titi pamoja na tezi za kwapani. Kisha akapita Kasindi na mpaka wa Mpondwe, akaenda Kampala kuchomwa miale. Alirudi akiwa na nguvu. Nusu mwaka haujaisha, mkono wa kushoto ukaanza kujaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba jambo hilo linaweza kutokea.

Kila mtu nyumbani alikuwa na maelezo yake. Mama mkwe alisema kuna mtu amemtupia kitu. Mume alinyamaza, maana moyoni alijua kansere imerudi. Mwishowe akaletwa mzee mmoja anayekanda watu waliovunjika. Alichovya kitambaa katika maji ya moto, akaukanda mkono kwa nguvu kama unga wa mandazi, siku tatu mfululizo. Siku ya nne mkono ulikuwa mwekundu, unawaka, na mama anatetemeka kwa homa. Alilazwa, akapewa dawa za kuua vijidudu, na ni hapo muuguzi mmoja alipomweleza ana nini.

Maelezo yenyewe si magumu. Mbali na damu, mwilini kuna maji mengine yanayoitwa limfu. Yanapita katika mifereji midogo sana chini ya ngozi na kuchujwa kwenye tezi, nyingi zikiwa kwapani, shingoni na kwenye kinena. Tezi za kwapa zikiondolewa, au zikichomwa kwa miale, njia inakuwa nyembamba. Mtu wa Butembo anaelewa haraka: mvua inaponyesha na mtaro wa barabara umezibwa na plastiki, maji hayapotei, yanaingia kwa watu. Ndivyo maji ya mkono yanavyokosa pa kwenda.

Wala si jambo la nadra. Tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa, karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliotibiwa kansere ya titi hupata uvimbe huu, na hatari ni kubwa zaidi kwa aliyeondolewa tezi nyingi. Hauambukizi. Mara nyingi si kansere iliyorudi, lakini mkono ukivimba kwa mara ya kwanza, au ukivimba ghafla, ni lazima daktari auone kwanza, kwa sababu kansere iliyorudi kwapani au damu iliyoganda nayo huvimbisha mkono.

Ukandaji unaosaidia ugonjwa huu una historia ya kushangaza kidogo. Ulianzishwa na mume na mke kutoka Denmark, Emil na Estrid Vodder, waliokuwa wakifanya kazi Cannes, Ufaransa, katika miaka ya 1930. Waliwahudumia watu wenye mafua yasiyoisha na tezi za shingo zilizovimba, wakati ambapo madaktari hawakupenda kabisa tezi ziguswe. Wao walizigusa, ila kwa wepesi sana, na mwaka wa 1936 wakaitangaza njia yao huko Paris.

Wepesi huo ndio siri yote. Muuguzi alimwambia mama wa Bulengera hivi: mguso uwe kama wa mtu anayeosha utosi wa mtoto mchanga. Mifereji ya limfu iko karibu sana na ngozi. Ukibonyeza kwa nguvu unaifunga, au unaiumiza. Ngozi ikigeuka nyekundu, umezidisha. Na kinyume na mazoea yetu, kazi haianzi mahali palipovimba. Kwanza mgonjwa anapumua kwa tumbo, polepole, mara kadhaa. Kisha vidole vinazunguka taratibu shingoni, juu ya mtulinga, halafu kwenye kwapa la upande mzima. Baada ya hapo ngozi ya kifua inavutwa kidogo kidogo kutoka upande mgonjwa kuelekea upande mzima, ili maji yaonyeshwe njia nyingine. Ndipo unakuja mkono: sehemu ya juu kwanza, kiwiko, mwishowe kiganja, na kila mguso unaelekea begani. Ni kama kuwatoa watu kanisani: walio karibu na mlango wanatoka kwanza. Mafuta mengi hayahitajiki, maana mkono unateleza badala ya kuvuta ngozi.

Hata hivyo, anayeahidi kwamba kukanda peke yake kutaponya anadanganya. Kazi kubwa inafanywa na bandeji. Inafungwa kuanzia vidoleni, ikibana zaidi kiganjani na kulegea kadiri inavyopanda. Bandeji nzuri ni ile isiyovutika sana. Zile za famasia zinazovutika kama mpira zinaweza kubana vibaya mtu akilala nazo, na vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, ifunguliwe mara moja. Kwa hiyo mara ya kwanza afunge kinezi, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, au muuguzi anayejua. Linalofuata ni ngozi. Kwenye pwani ya Tanzania na Zanzibar, wagonjwa wa matende hufundishwa kuosha mguu kila siku kwa sabuni na kuukausha vizuri, hata katikati ya vidole, kwa sababu kila mkwaruzo ni mlango wa vijidudu. Mkono huu nao ni vivyo hivyo. Mwenye homa, au mkono mwekundu wenye joto, asikandwe hata kidogo. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye damu iliyoganda au moyo uliochoka naye asikandwe bila ruhusa ya daktari.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo vitabu haviliandiki. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika eneo hili, na Beni, Butembo na Katwa ziliumia sana. Tulifundishwa kutogusana, na ilikuwa lazima. Ila mazoea yalibaki. Mtu mwenye homa na mkono uliovimba bado anaangaliwa kwa mbali, na mama huyu anasema wifi yake alisita siku nyingi kabla ya kukubali kumkanda. Alikubali baada ya muuguzi kumgusa mgonjwa mbele yake, bila glavu. Sasa ni wifi huyo anayefanya kazi hiyo kila jioni, dakika 20, watoto wakiwa wameshalala.

Swali la mwisho ni shamba na maji. Mhamiaji hana nafasi ya kupumzisha mkono mwaka mzima. Kidumu cha lita 20 kinamngoja. Zamani waganga waliwakataza wanawake hawa kubeba chochote. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba wenye mkono uliovimba waliojizoeza kuinua vitu vizito, wakiongeza uzito kidogo kidogo na wakisimamiwa, hawakuvimba kuliko wengine. Neno la kushika ni kidogo kidogo. Mama wa Bulengera alianza na kidumu cha lita tano, na jembe analishika asubuhi tu, akiwa amefunga bandeji.

Hana futi ya kupimia, kwa hiyo anatumia uzi. Kila Jumapili anauzungusha chini ya kiwiko mahali pale pale, anaukata, na kuuweka pamoja na nyuzi nyingine kwenye kopo. Uzi wa juma lililopita ni mfupi kuliko wa kwanza kwa upana wa vidole viwili. Ukirefuka majuma mawili mfululizo, anachukua nauli ya moto na kwenda kumwona muuguzi.