Nakwenda Kusalimia

Kijijini kwetu Ngulyati, wilayani Bariadi, asiyeona alikuwa na safari zake zinazojulikana. Alipelekwa hospitali, alipelekwa shule, Jumapili alipelekwa kanisani akishikwa mkono na mtoto. Kila safari ilikuwa na mpelekaji. Kwamba kipofu anaweza kufunga mkoba wake na kusema, "Nakwenda kusalimia rafiki zangu," hilo halikuwa limesikika. Mwaka 1986 nilipolisema mimi, baba alidhani natania.

Macho yangu yalichukuliwa na surua nikiwa mdogo, kama ya watoto wengi wa zama zile ambazo chanjo ilikuwa haijaenea vijijini. Surua ikimkuta mtoto mwenye upungufu wa vitamini A hushambulia macho, na dawa za majani zilizotiwa kwa nia njema mara nyingi zilimalizia kazi. Baadaye mchungaji mmoja alimshawishi baba anipeleke Buigiri, shule ya wasioona karibu na Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1950 chini ya Kanisa la Anglikana. Huko nilijifunza kusoma nukta nundu kwa vidole, na huko nikapata watu wa kucheka nao. Tulipomaliza tukatawanyika. Mmoja alipata kazi ya opereta wa simu katika ofisi moja ya serikali Tabora. Mwingine alisomea ualimu na kurudi kufundisha Buigiri. Mimi nilirudi nyumbani kusuka kamba na kufuga kuku.

Tuliendelea kuandikiana. Kwa taratibu za Umoja wa Posta Duniani, barua ya nukta nundu husafiri bila stempu, nasi tuliitumia neema hiyo bila haya: kurasa kwa kurasa za karatasi ngumu, nyingine zimejaa umbea mtupu. Aliyeniletea barua ya kwanza kutoka posta Bariadi alinikabidhi kwa masikitiko. "Pole ndugu yangu, hii imetobolewa na panya." Nikapitisha vidole palepale, nikamsomea salamu za rafiki yangu mwanzo hadi mwisho. Tangu siku hiyo barua zangu alizibeba kwa heshima kidogo iliyochanganyika na woga.

Mwaka huo wa 1986, msimu wa pamba ulipokuwa ukiisha, barua kutoka Tabora ilisema: njoo, kisha twende wote Buigiri tukamsalimie mwenzetu. Nyumbani ukaitishwa mkutano. Baba aliogopa wezi. Mayu, yaani mama, aliogopa kila kitu. Mjomba, ambaye sisi Wasukuma humwita mami, aliuliza swali lililoonekana kuwa la mwisho.

"Ng'wanone (mwanangu), hiyo treni inapita usiku. Utajuaje umefika Tabora?"

"Mami, wewe umewahi kwenda Tabora kwa treni hiyohiyo. Ulijuaje?"

Akafikiri. "Niliuliza."

"Basi na mimi nitauliza."

Baba ndiye aliyecheka kwanza, na kesi ikaishia hapo. Mayu alinifungia michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, kisha akaongeza jogoo aliyefungwa miguu, maana mgeni haendi mikono mitupu.

Bariadi haina reli. Njia ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inatupitia mbali, na kwa sisi wakulima wa pamba stesheni ni Malampaka, wilayani Maswa. Kutoka Bariadi nilipata lori lililobeba robota za pamba, nikapandishwa juu yake, tukapita Maswa vumbi likitufuata. Malampaka niliijua kabla dereva hajaitaja. Kelele za wapakiaji zilisikika kutoka upande mmoja, upande wa pili kulikuwa na harufu ya oili na chuma kilichopigwa jua mchana kutwa. Tukangoja. Mtu alipogonga kipande cha reli kilichotundikwa, watu wote wakasimama kwa pamoja, na baada ya muda nikaisikia treni ardhini, kupitia soli za viatu, kabla haijasikika hewani.

Rafiki yangu alikuwa ameniandikia maelekezo. Daraja la tatu, kaa karibu na choo. Harufu utaizoea, lakini hutapotea. Nilimfuata neno kwa neno, na nilielewa kwa nini alinisihi nisipande basi. Kwenye basi unakaa ulipowekwa, unashuka unapovutwa. Ndani ya treni niliweza kusimama, kutembea, kushika bomba hili na mgongo wa kiti kile, kwenda mlangoni kupigwa upepo na kurudi mahali pangu bila kumsumbua mtu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa ninasafiri huku ninatembea mwenyewe.

Halafu reli yenyewe inasema. Zama zile vipande vyake viliungwa kwa boliti, na kila kiungo kilitoa mlio chini ya gurudumu. Milio ikiharakisha, tuko nyikani. Ikipungua, kuna mlima au stesheni. Behewa likiyumba ghafla kushoto au kulia, tumekanyaga njia panda ya reli, na stesheni iko mbele yetu. Hivyo Seke, Shinyanga na Isaka nilizisikia zikija wakati wenye macho wamelala. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alinigundua niko macho, akaniomba nimwamshe Bukene. Nilimwamsha. Alipokuwa akishusha mizigo, jirani yetu alimnong'oneza kwamba kijana yule haoni. "Na ninyi mnaoona mlikuwa wapi?" akajibu kwa sauti, akashuka zake. Jogoo wangu aliwika saa tisa usiku, akatukanwa na behewa zima. Nikajua kwamba sasa mimi ni abiria kama abiria wengine, maana hakuna aliyenionea huruma.

Sisemi safari ilikuwa asali tupu. Mtu mmoja alipita akanitilia sarafu kiganjani. Nilimwita arudi, akawa ameshapotea katika msongamano. Katika stesheni moja kubwa, karani wa tiketi alimwuliza mtu aliyesimama nyuma yangu, "Huyu anakwenda wapi?" Nikajibu mimi. Akamwuliza tena yule yule. Hela zilikuwa mkononi mwangu na ulimi ulikuwa kinywani mwangu, lakini kwake nilikuwa mzigo unaotafutiwa mwenyewe. Hilo la kusemewa humchosha asiyeona kuliko giza.

Tabora tulifika asubuhi. Ni njia panda ya nchi: hapo reli ya Mwanza inakutana na ile ya Kigoma, mabehewa yanaachanishwa na kuunganishwa, na jukwaa linajaa watu wa lugha zote. Watu wawili wasioona watakutanaje katika soko kama lile? Tulikuwa na mluzi wetu wa Buigiri, ambao walimu waliuchukia. Nilisimama kando ya behewa nikaupiga. Ukajibiwa kutoka mbali. Nikapiga tena, tukawa tunakaribiana mluzi kwa mluzi, hadi fimbo yake ikagonga yangu. Akanishika uso, akasema nimenenepa.

Siku za Tabora zilikuwa za maongezi. Asubuhi alikwenda kazini, ambako alimjua kila mkubwa kwa sauti yake, na kwa namna alivyokohoa kabla ya kuomba namba. Mimi nilibaki kibarazani chini ya mwembe. Miti hiyo Tabora imejaa, ikisemekana ilipandwa na misafara ya biashara ya karne ya 19. Jioni tulikula ugali kwa mlenda wenye karanga za mayu na kulamba asali ya Unyamwezi. Majirani walikuja kumwangalia "mgeni wa Mwalimu" (ndivyo walivyomwita rafiki yangu, ingawa hakuwa mwalimu), na waliniuliza habari za mvua, pamba na bei za ng'ombe. Nyumbani wageni walimwuliza mayu kama nimekula. Hapa niliulizwa habari za kwetu, nikazijibu.

Tukapanda treni sasa tuko wawili, na fimbo mbili, na kicheko kisichoisha. Kwenye reli ya kati stesheni hujitambulisha kwa vyakula vyake. Tulipita Itigi na Manyoni, kisha Saranda, ambako wauza kuku walituingizia mapaja madirishani treni haijasimama sawasawa. Baada ya Saranda njia inashuka ukuta wa Bonde la Ufa: breki zililia, harufu ya chuma cha moto ikapanda, masikio yakaziba, na joto likaongezeka kadiri tulivyoteremka kuelekea Kintinku na Bahi. Abiria mmoja alituhurumia kwamba tunakosa mandhari. Mwenzangu akamwuliza, "Bwana, wewe umelisikia bonde?" Dodoma tulinunua zabibu, tukapanda basi la barabara ya Morogoro hadi Buigiri, na mluzi ukapigwa nje ya nyumba ya mwenzetu mwalimu usiku usiku.

Niliporudi Ngulyati, wazee waliniita niwasimulie safari. Muda si mrefu mzee mmoja mwenye mtoto asiyeona alikuja kuniuliza nauli ya Dodoma ni kiasi gani. Hapo ndipo niliposadiki kwamba safari yangu ilikuwa na faida kwa mwingine.

Leo kwetu ni Mkoa wa Simiyu, uliotangazwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Shinyanga. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na kipande cha reli yake cha Mwanza hadi Isaka, cha kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Reli ya kisasa imeunganishwa kwa kuchomelewa, haina mlio wa viungo wa kumwongoza asiyeona. Kwa hiyo kilichokuwa kikisemwa na chuma, sasa lazima waseme watu na mitambo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeshatambua haki yetu ya kufika mahali na kupata habari. Wanaojenga na kuendesha reli watangaze kila kituo kwa sauti inayosikika, waweke alama za kukanyagwa kwenye kingo za majukwaa, na wawafundishe makarani kuzungumza na abiria mwenyewe.

Nanyi wazazi wenye mtoto asiyeona, mkishampeleka hospitali na shule, mpeni nauli pia akawasalimie rafiki zake. Njia ataiuliza, kama tunavyouliza wote.