Wazee Nao Wacheze

Akina mama wenzangu, kwetu mzee akifika miaka 70 tunamwambia, "Mama, wewe sasa pumzika." Tunamwekea kiti kivulini, na mjukuu akimwona ameshika ufagio anakimbia kumpokea. Ni heshima, na ndivyo tulivyolelewa. Lakini miaka minane niliyohudumia wazee katika makao yao huko Minnesota, Marekani, ilinionyesha jinsi kiti kinavyoila miguu ya mtu.

Wengi waliingia pale wakitembea. Baada ya miezi ya kuketi, kusimama tu kukawa kazi. Mtaalamu wa viungo alipowaita kufanya mazoezi, visingizio vyao vilishinda vya watoto wa shule: leo goti, kesho usingizi.

Ndipo tukaletewa Wii, chombo cha michezo ya televisheni ambacho kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kukiuza mwaka 2006. Mchezaji hushika kidude mfano wa rimoti, kilichofungwa kamba mkononi kisije kikaruka, nacho huhisi mkono unavyokwenda. Akipunga mkono kama anayevingirisha tufe, tufe la kwenye televisheni huenda kuangusha vigingi kumi. Huo ndio mchezo wa bolingi, ambao wengi wao waliucheza ujanani. Tufe halisi laweza kufika kilo saba, bali kidude hiki hata mkono wenye baridi yabisi hukimudu. Mwaka 2007 magazeti yalikwisha andika jinsi wazee wa makao ya Sedgebrook, karibu na Chicago, walivyoupenda.

Tulikuwa na bibi mmoja wa miaka 84, mjane, mkali kidogo (nami nilimpenda kwa ukali wake). Juma zima alitazama tu. Siku jirani yake alipoangusha vigingi vyote na kumcheka, akaniambia, "Nisimamishe." Nikaweka kiti nyuma yake, nikamshika mkanda wa kiunoni, akatupa. Akakosa. Akataka tena. Siku ile alisimama na kuketi mara kumi, zoezi lile lile alilomkatalia mtaalamu. Kesho yake alitaka kwanza apakwe rangi ya mdomo.

Sisemi chombo kile ni dawa. Kupunga mkono hakulingani na kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, tena siku tatu au zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba. Bibi yule hakujua habari za dakika. Alitaka kumshinda jirani yake.

Sasa nimerudi Moshi, naishi na mama mkwe wangu mwenye miaka 79. Wii hatuna. Asubuhi huwafuata kuku wake hadi migombani, na jioni wajukuu humrushia mpira wa soksi, naye huudaka amesimama karibu na ukuta, mmoja wao akiwa ubavuni mwake. Akiwafunga, huwacheka mpaka wanune. Wifi yangu hapendi. Anasema majirani watatuona tunamtesa mama. Jumapili iliyopita alirudia maneno hayo mbele yake, na mama akamtupia mpira: "Basi njoo udake wewe."