Miezi Yetu ya Hospitali



Sisi wawili tumezaliwa tumbo moja, na wote tuna anemia SS. Mtoto wa SS hushikwa na ugonjwa wa mifupa kwa urahisi kuliko wenzake. Nasi tulishikwa: mkubwa kwenye muundi, mdogo kwenye paja. Munganga aliuita osteomieliti, yaani vijidudu vimeingia ndani ya mfupa.

Tulilala hospitali miezi mingi. Asubuhi, tukisikia kigari cha dawa kinakuja kuosha vidonda, chumba kizima kilinyamaza. Mama alilala kwenye mkeka chini ya kitanda, akapika sombe uani pamoja na wamama wengine waliolinda wagonjwa. Baba aliuza mbuzi mmoja mmoja. Wenzetu walipanda darasa, sisi tukabaki.

Kilichorefusha miezi hiyo ni wiki za mwanzo nyumbani. Mguu ulikandwa kwa maji moto, majirani wakisema tumeanguka tukicheza. Usaha ulienea, kipande cha mfupa kikafa, ikabidi kitolewe kwa upasuaji.

Wamama, mtoto akiwa na homa, akikataa kukanyaga, mfupa ukimwuma mahali pamoja, msimkande. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa ukijulikana mapema, mara nyingi dawa za wiki kadhaa zinatosha bila kisu. Na kama ana SS, mwambieni munganga kabla hajauliza.

Leo tunatembea, mmoja wetu akichechemea kidogo. Watoto wetu wote tumewapima damu.