Paka wa masikio yaliyokunjwa

Katika simu zetu hupita mara kwa mara picha ya paka mmoja wa ajabu. Kichwa chake ni cha mviringo kama chungwa, macho yake ni makubwa, na masikio, badala ya kusimama kama ya paka wote, yamelala mbele kuelekea paji la uso, mithili ya kofia ndogo. Watu humfananisha na bundi. Sisi tuliokulia katika nyumba ambamo paka huwekwa kwa ajili ya panya, na kupewa yaliyobaki katika sahani, twamtazama kwa mshangao: ni mnyama gani huyu anayelala juu ya mto na kupigwa picha kama bibi arusi? Tuliitafuta habari yake, nayo si fupi.

Jina lake ni Scottish Fold, yaani paka wa Uskoti mwenye mkunjo. Aina nyingi za paka hazijulikani zilianzia wapi hasa. Huyu bibi yake ajulikana kwa jina. Mwaka wa 1961, karibu na mji mdogo wa Coupar Angus, mchungaji wa kondoo aitwaye William Ross aliona katika shamba la jirani paka jike mweupe mwenye masikio yaliyokunjika. Paka huyo, Susie, hakuwa wa matajiri. Alikuwa paka wa ghalani, kama wa kwetu. Alipozaa, Ross alipata mtoto wake mmoja, jike mwenye masikio ya mama, akamwita Snooks, na kwa njia hiyo ukoo ukaendelea. Katika miaka 3 ya kwanza ya kuwazalisha kwa makusudi walizaliwa watoto 76: kati yao 42 wakiwa na mkunjo, na 34 wakiwa na masikio yaliyosimama. Hesabu hiyo yaonyesha jinsi alama hii inavyorithiwa. Yatosha mzazi mmoja tu awe nayo, na karibu nusu ya watoto wataipata.

Jambo la kushangaza ni kwamba watoto wote huzaliwa wakiwa na masikio ya kawaida. Ni katika juma la tatu au la nne hivi ndipo masikio ya baadhi yao yanapoanza kuinama. Huinama kwa sababu gegedu, ile sehemu ngumu kidogo inayopindika tunayoishika tukigusa masikio yetu wenyewe, haina nguvu ya kuyasimamisha.

Na gegedu haipo masikioni tu. Imo katika viungo vyote vya mwili: magotini, katika vifundo vya miguu, katika mkia, ndiyo inayozuia mfupa usisuguane na mfupa. Jeni inayolegeza masikio huharibu pia gegedu ya viungo. Mwaka wa 1999 waganga wa wanyama wa Australia walichapisha uchunguzi wao kuhusu paka hawa, wakaeleza mifupa iliyoota vibaya na viungo vilivyoshikamana, wakashauri kwamba kwa ajili ya huruma paka wenye mkunjo wasitumiwe tena kuzalisha. Mwaka wa 2016 wataalamu waliitambua jeni yenyewe. Mtoto anayeirithi kwa mzazi mmoja huweza kupata maumivu mapema au akiwa mzee, mengi au machache. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huumia tangu udogo: mkia mfupi na mgumu kama kijiti, miguu minene, mwendo wa kujikokota.

Hapo ndipo tulipokwama katika kusoma kwetu. Mnyama mwenye sura nzuri aweza kupatwa na ugonjwa, hilo twalielewa. Kumbe kwa huyu uzuri unaosifiwa ndio ugonjwa wenyewe, umejitokeza mahali panapoonekana. Hakuna mfugaji, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuubakiza mkunjo na kuyaondoa maumivu, maana mzizi ni mmoja.

Wakubwa wa mambo haya hawakupatana. Chama kikuu cha wafugaji wa paka cha Uingereza kiliacha kuwaandikisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huko Marekani, mwaka wa 1978, walikubaliwa kushindania tuzo. Uholanzi ilikataza kuwazalisha mwaka wa 2014, na jimbo la Flanders, katika Ubelgiji, likafuata mwaka wa 2021. Picha hazikupungua. Nasi twadhani kila alama ya moyo inayowekwa chini ya picha hizo ni tangazo la biashara lisilolipiwa, ingawa aiwekaye hana nia mbaya.

Walio hai, hata hivyo, wahitaji kutunzwa, wala hawana kosa. Paka ni mwepesi wa kuficha maumivu; halii kama mbwa. Anayemfuga humtazama kwa matendo: je, bado aruka juu ya kiti? Ashuka kwa kusitasita? Akasirika akiguswa mkia? Kucha zimerefuka kwa kuwa hakwaruzi tena? Mtu asiuvute wala kuukunja mkia wake. Alazwe mahali laini na pakavu, chombo chake cha kujisaidia kiwe na ukingo mfupi, na asinenepeshwe, kwa kuwa kila kilo inayozidi yabebwa na viungo vilivyo vibovu. Masikio yakaguliwe na kusafishwa kwa upole. Dawa za maumivu atoe mganga wa wanyama peke yake.

Neno hili la dawa lawahusu hata paka wetu wa jikoni, nasi twaomba lishikwe. Paracetamol, inayopatikana karibu katika kila nyumba, ni sumu kwa paka. Mwili wake hauwezi kuivunja kama wetu; kidonge kimoja chaweza kumwua. Anayemhurumia paka wake anayechechemea asimpe kidonge cha binadamu, hata nusu.

Wapo pia wale wenye masikio yaliyosimama, mfano wa wale 34 wa mwanzo. Huzaliwa siku moja na wenzao, katika sanduku lile lile, kwa mama yule yule. Wana uso ule ule wa mviringo na tabia ile ile ya upole. Jeni ile hawakuirithi. Juma la tatu likifika, mfugaji huinama juu ya sanduku kuangalia ni masikio ya nani yameanza kulala, na wale ambao yao yangali wima ndio watakaoruka juu ya meza hata uzeeni.