Ulezi wa Ufipa, uji unaoanzia kwenye nyasi

Dodoma jua na mvua chache vimeipa zabibu. Ufipa nako ardhi na hali ya hewa vimeipa zao lake: ulezi.

Ukitoka Tunduma kwa basi kwenda Sumbawanga, utapita kwenye uwanda mpana wa nyasi wenye miti michache. Mji wenyewe uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukiteremka Mtowisa, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, utakuta joto na mashamba ya mpunga. Huku juu, asubuhi za Juni na Julai watoto huenda shule na sweta.

Mvua za Novemba hadi Aprili ni nyingi, na kwa miaka mingi zimechuja rutuba ya udongo. Wafipa walitafuta dawa yake kwenye kile walichokuwa nacho, yaani nyasi. Mvua zikikaribia kuisha, udongo ukiwa bado laini, mkulima hurundika nyasi mbichi na kuzifunika kwa udongo, likawa tuta la duara liitwalo ntumba. Juu yake hupanda maharage. Ndani, nyasi zinaoza polepole. Msimu unaofuata tuta hubomolewa, udongo ukasambazwa, na ulezi ukapandwa. Mbolea imepatikana shambani bila kwenda dukani.

Ulezi huvumilia udongo hafifu kuliko mahindi, na ukikauka vizuri hukaa ghalani miaka bila kubunguliwa. Kwa mtoto, faida yake kubwa ni madini ya chokaa yanayojenga mifupa. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300, kuliko nafaka nyingine tunazokula.

Siku hizi mahindi yanauzika, hivyo yamechukua mashamba mengi. Lakini yanadai mbolea ya dukani kila msimu, na bei ikipanda mzazi hujikuta akichagua kati ya mfuko wa mbolea na ada ya shule. Familia inayobakiza hata kipande cha ntumba ina akiba ya chakula mwaka huo.

Mzazi, ukipita Sumbawanga, nunua ulezi sokoni. Upepete na uuoshe vizuri, maana hupurwa chini na huwa na mchanga. Uloweke, uuoteshe siku mbili, uuanike, kisha usage. Kuotesha humsaidia mtoto kupata madini hayo kwa urahisi zaidi. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuanza uji wake.